WASASI WA MIGUUNI: MZIGO UPIMWE KWA SAFARI YA KURUDI

Wakaazi wa vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja wanaujua vyema usumbufu wa nguruwe mwitu. Usiku mmoja hutosha kuharibu konde ya muhogo iliyolimwa kwa jasho la miezi. Kwa sababu hiyo vikundi vya wasasi huingia porini kwa miguu pamoja na mbwa, mikuki na nyavu, na baadhi ya watumishi wa Serikali hufuatana nao katika siku za mapumziko. Makala haya yanaeleza namna ya kufunga na kuchukua vifaa vya safari hiyo, jambo ambalo wengi hulidharau mpaka yatakapowafika.

Ardhi isiyo na maji

Sehemu kubwa ya pori hilo ni maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe ya kale yenye matundu na nyufa. Mvua inyeshapo, maji huzama mara moja chini ya mawe. Hakuna mto wala kijito. Maji yaliyomo mapangoni hayafikiki kila mahali, na mengine yana chumvi. Kwa hiyo msasi hana budi kuchukua maji yake yote tangu atokapo nyumbani.

Mtu afanyaye kazi nzito juani hushauriwa kunywa kiasi cha kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20, sawa na robo tatu ya lita au zaidi kwa saa. Kwa mwendo wa saa sita hiyo ni lita nne na nusu, na kila lita moja ina uzito wa kilo moja. Mbwa nao wanahitaji sehemu yao. Wakati wa kaskazi haifai kabisa kupunguza kiasi hicho. Njia iliyo bora ni kila mtu kuchukua lita tatu, na dumu la akiba kuachwa kivulini, mahali panapojulikana na wote, kwenye njia ya kurudia. Madafu hayafai kuwa akiba ya safari ndefu, kwani uzito wake mwingi ni wa makumbi na vifuu, si wa maji.

Kiasi na namna ya kufunga

Kwa kawaida mzigo wa mtu mwenye afya usizidi robo ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi, asichukue zaidi ya kilo 15. Maji yakishatengwa, nafasi iliyobaki ni ndogo, na ndiyo maana vifaa vya kikundi vigawanywe: panga moja la kufyekea na wavu mmoja kwa watu kadhaa, si kila mtu na vyake. Chakula kiwe chepesi na kisicho na chumvi nyingi. Tende na muhogo wa kuchemsha vinafaa kuliko papa mkavu, ambaye huongeza kiu.

Mzega ni mzuri njiani na shambani, lakini kichakani ncha zake hunasa na kumgeuza mchukuzi. Mzigo wa kichwani, hata ukiwekewa ngata, hugongwa na matawi. Mkoba wa mgongoni ndio unaofaa zaidi. Vitu vizito, hasa maji, viwekwe karibu na uti wa mgongo, usawa wa mabega. Vyepesi viwe chini na pembeni. Mzigo unaoning'inia mbali na mwili humvuta mtu nyuma, naye juu ya mawe makali huanguka na kujikata. Viatu viwe vya kufunika mguu na vyenye soli nene. Panga liwe ndani ya ala, na mkuki uchukuliwe mkononi, ncha yake isielekezwe kwa mwenzako.

Mzigo usiotazamiwa

Nguruwe haliwi na wakaazi walio wengi, hivyo wasasi huona kwamba kurudi ni kwepesi: maji yamepungua na nyama haichukuliwi. Dhana hiyo ni ya hatari. Mzigo mkubwa kuliko yote porini ni mwenzenu aliyepigwa pembe na nguruwe, aliyevunjika mguu au aliyeumwa na nyoka.

Majeruhi wa kilo 60 akiwekwa juu ya machela ya miti miwili na wavu, wachukuzi wanne watabeba takriban kilo 15 kila mmoja, yaani mzigo mwingine kamili juu ya ule walio nao. Watalazimika kuiacha mikoba yao, isipokuwa maji. Kwa hiyo kikundi kisipungue watu saba: majeruhi mwenyewe, wanne wa machela, mmoja wa kufyeka njia na mmoja wa kushika maji na mbwa. Na kila mkoba uwe na vitu ambavyo mwenyewe yuko tayari kuviacha.

Katika mkoba mmoja, unaojulikana na wote, viwemo vitambaa safi, bendeji, kamba na kipande cha sabuni. Jeraha litokalo damu likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi. Aliyeumwa na mbwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulizwe, asitembezwe, achukuliwe.

Kabla ya kuondoka

Wananchi wanakumbushwa kwamba Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 inahusu uhifadhi wa rasilimali za misitu, na kwamba paa nunga na kima punju ni miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Ni wajibu wa kila kikundi kupata kwanza maelekezo ya ofisi inayohusika na misitu. Aidha, ni vyema Sheha aachiwe majina ya wanaokwenda, njia watakayopita na saa ya kurejea. Simu ichukuliwe, ifungwe vizuri isirowe, lakini isitegemewe peke yake.

Kabla ya kufunga mkoba, kila msasi na ajiulize: je, nikiwa na mzigo huu, nitaweza kumrudisha mwenzangu nyumbani? Ikiwa hataweza, apunguze vitu vyake, wala asipunguze maji.