Slade Walipoacha Kupiga Miguu

Mpenzi wa bendi ya Slade aliyenunua santuri yao mpya mwezi Februari 1975 angeweza kudhani muuza duka amekosea jalada. "How Does It Feel" huanza kwa piano tupu, polepole. Hakuna kishindo wala makofi. Noddy Holder, mwimbaji wao mwenye sauti ya kukwaruza iliyozoea kupaa juu ya magitaa, anaingia kwa upole kama mtu anayezungumza na nafsi yake.

Ukubwa wa badiliko hilo hauonekani mpaka mtu ajue sauti yao ya kawaida ilivyotengenezwa. Slade walitoka Wolverhampton na viunga vyake, eneo la viwanda katikati ya Uingereza. Walivuma katika roki ya glam, mtindo wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 uliojulikana kwa nguo za kumetameta na viatu vya raizoni. Holder alivaa kofia ndefu iliyobandikwa vioo. Mpiga solo, Dave Hill, aling'aa kuliko taa za jukwaani. Lakini nguvu yao ilikuwa miguuni. Walipokuwa wakirekodi "Coz I Luv You" mwaka 1971, walirekodi pia vishindo vya viatu na makofi, wakavipanga pamoja na ngoma za Don Powell. Tangu hapo nyingi kati ya nyimbo zao kubwa zilimwachia msikilizaji nafasi ya kuingia: pigo zito lisiloyumba, kiitikio ambacho mtu hukishika mara ya kwanza, na magitaa yanayojaza mapengo yote. Hata majina ya nyimbo nyingi waliyaandika kama watu wa kwao wanavyotamka, tahajia ya shuleni wakaiweka kando. Kati ya 1971 na 1973 nyimbo zao sita zilishika nafasi ya kwanza Uingereza, na tatu za mwaka 1973 ziliingia kileleni katika wiki yake ya kwanza.

Tazama sasa jina "How Does It Feel". Limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi.

Ndani ya wimbo, kazi zimegawanywa upya. Jim Lea, mpiga besi, ndiye aliyekaa kwenye piano, na piano hiyo ndiyo inayoubeba wimbo huku gitaa la Hill likikaa nyuma. Kisha ala za kupuliza na filimbi zinaingia na kuupandisha wimbo ngazi kwa ngazi, kwa takriban dakika sita, ilhali nyimbo zao zilizovuma zilizoea dakika tatu au nne. Usikilize ukiwa umekaa na utaona kwamba hakuna mahali pa kukanyaga mguu. Umati umetolewa nje ya wimbo. Aliyebaki ni msikilizaji mmoja.

Wimbo huu ulikuwa wimbo mkuu wa filamu yao, "Slade in Flame", iliyoongozwa na Richard Loncraine. Mashabiki walitarajia vichekesho. Walichopewa ni hadithi chungu ya kundi la vijana wanaofanywa bidhaa na wafanyabiashara wa muziki, mpaka urafiki wao unavunjika. Kelele za furaha zisingefaa hapo. Lea akarudi kwenye tuni aliyoitunga akiwa mvulana wa miaka 13 hivi, kabla Slade haijakuwapo, na Holder akaiandikia maneno. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kisa hiki: sauti iliyoitwa ngeni ilikuwa na umri mkubwa kuliko sauti iliyoitwa ya kawaida.

Soko halikuiona hivyo. Wimbo uliishia nafasi ya 15. Wengine husema mashabiki walichukia upole, lakini sikubaliani nao, kwa sababu mwaka mmoja tu nyuma "Everyday", wimbo wa taratibu kabisa, ulifika nafasi ya 3, na "Far Far Away" ikafika ya 2. Nyimbo hizo mbili bado zilimruhusu mtu kuimba akiwa amemshika mwenzake bega. "How Does It Feel" iliondoa hata ruhusa hiyo. Wasikilizaji walikuwa wamezoea kuwa sehemu ya bendi, na ghafla wakaombwa wanyamaze.

Baadaye mwaka 1975 kundi lilielekeza nguvu zake Marekani, ambako halikufanikiwa kama lilivyotarajia, na nyumbani likapita kipindi kirefu bila wimbo wa kutikisa. Slade hawakushika tena nafasi ya kwanza Uingereza. Walipoikaribia zaidi walifika nafasi ya 2, mwishoni mwa 1983, kwa "My Oh My", wimbo wa taratibu.