Ngoro za Mbinga na Mafunzo ya Wachumaji Wetu

Kila msimu unapokaribia, wanachama hulalamikia jambo moja. Husema wachumaji wapya hawajui kazi: huvunja matawi, hulundika karafuu mbichi usiku kucha mpaka zikapata joto na kuharibika rangi, na wakishalipwa ujira wa siku chache hawaonekani tena. Wengi wetu tumekwisha kutoa hukumu kuwa vijana wa siku hizi ni wavivu. Huenda baadhi yao ni wavivu kweli. Lakini yafaa kwanza tuulize ni nani aliyewafundisha, na kwa njia gani. Kwa ajili hiyo twapenda kuwaeleza habari za wakulima wa bara ambao hawana hata mkarafuu mmoja.

Ukitoka Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, njia yapanda milimani mpaka Mbinga, katika Mkoa wa Ruvuma. Huko ndiko kwao Wamatengo. Katika karne ya 19, Wangoni walipoingia nchi hiyo kwa vita, Wamatengo walisongamana milimani, ikawa lazima wapate chakula kwenye miteremko mikali bila ya mvua kuwachukulia udongo. Shamba lao la miteremkoni huitwa ngoro.

Ngoro hufanywa hivi. Mvua zinapokaribia kwisha, yapata mwezi wa Machi, wanaume hufyeka majani na kuyaacha yakauke. Kisha huyapanga chini kwa mistari inayokatana, hata shamba zima likawa miraba midogo. Hapo wanawake huingia na majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kufunikia majani yale. Katikati hubaki shimo, na pande zote nne huwa tuta. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mwisho wa mwaka mvua zikirudi, hupandwa mahindi juu ya matuta hayo hayo, na magugu hutupwa mashimoni yakaoza kuwa mbolea. Mvua kubwa ikinyesha, kila shimo hushika maji yake.

Sasa fikirini ugumu wa kazi yenyewe. Tuta likiwa dhaifu mahali pamoja, maji hulipasua, hushuka katika shimo la chini, nalo likafurika na kupasua lililo chini yake. Uzembe wa mtu mmoja waweza kuharibu kazi ya wenzake wote. Ujuzi huu haupatikani kwa kuambiwa tu. Kijana hupanga majani pamoja na baba yake, na msichana hushika jembe karibu na mama yake, na mvua ndiyo inayosahihisha. Anayejifunza hupewa kipande cha kazi ya kweli, na kosa lake huonekana na kila mtu, naye hulitengeneza mwenyewe.

Jambo la pili ni sengu. Zamani wanaume wa ukoo mmoja, wazee kwa vijana, walikula pamoja kwa mkubwa wao, kila nyumba ikileta chakula chake. Hapo ndipo magomvi yalipoamuliwa, kazi zikapangwa, na aliyepungukiwa akapata cha kula. Mvulana alikaa, akala, akasikiliza. Miaka ilipita kabla hajaombwa kusema neno, lakini siku alipoombwa alikuwa amekwisha kusikia mashauri mengi yakikatwa. Sijui chuo cha uongozi kilicho bora kuliko hicho, ingawa wanawake, ambao ndio waliochimba ngoro na kupika chakula chenyewe, hawakuwa na sauti kama hiyo barazani. Hata kahawa, iliyoingia huko katika miaka ya 1920, fedha yake ilikuwa mikononi mwa wanaume. Mtu anayefanya kazi nzito bila kuona matunda yake, moyo wake hupoa, awe Mbinga au Pemba.

Desturi ya sengu ilififia kwa muda mrefu. Lakini Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichokuwa kikifanya utafiti huko pamoja na wataalamu wa Japani, kilianzisha kituo cha maendeleo ya vijijini mwaka 1999, na kijiji cha Kindimba kikawa mahali pa kazi yake. Watu wa Kindimba walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kamati iliyosimamia kazi hiyo wakaipa jina lile la zamani, Sengu. Baadaye vilitokea vikundi vya kupanda miti, kufuga nyuki na kuchimba mabwawa ya samaki. Waliojifunza kuongoza kwa kusimamia mtambo mmoja walipata nguvu ya kuanza jambo jingine.

Kwetu sisi, shauri ni hili. Kijana mpya asipandishwe kileleni siku ya kwanza. Achume matawi ya chini karibu na mchumaji mzoefu, na apewe mkarafuu mmoja au miwili iwe yake msimu mzima, ili akivunja tawi ajulikane, na akichuma vizuri ajulikane pia. Usiku mmoja akae na wanaochambua, aone jinsi mavuno yake yanavyofika majamvini. Siku ya kupima awepo, aone mizani na stakabadhi. Kina mama wanaochambua na kuanika wawepo pia, kwa kuwa daraja ya karafuu hutokana na mikono yao. Na kamati zetu za matawi zingefanya vema kuwaita vijana wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wakae kila hesabu zinaposomwa, hata kama mwaka wa kwanza watasikiliza tu.

Wenye mashamba madogo, wanaochuma wenyewe pamoja na jamaa zao, hawahitaji utaratibu mkubwa hivyo. Lakini hata wao waweza kumwachia kijana aliyemaliza shule apime pishi mwenyewe na kuandika daftari, baba akiwa amekaa pembeni.