Kufasiri Mchoro Usiokamilika: Mfano wa Leonardo da Vinci

Mchoro wa maandalizi ni njia ya kufikia kazi nyingine, wala haukukusudiwa watazamaji. Ndiyo maana kuufasiri kuna hatari yake: mfasiri huweza kulitwaa pengo tupu akaliita maana.

Mfano mwema ni mchoro mkubwa wa Leonardo da Vinci uliomo katika jumba la National Gallery, London, ulionunuliwa mwaka 1962. Waonyesha Bikira Maria, mamaye Anna, mtoto Yesu na Yoane Mbatizaji. Ulichorwa kwa makaa na chaki nyeupe juu ya karatasi nane zilizogundishwa pamoja, kimo chake kikikaribia sm 142. Waitalia huuita mchoro wa namna hiyo cartone, yaani karatasi kubwa nene. Ndiyo asili ya neno katuni, ambalo katika Kiswahili lataja zaidi picha ya kuchekesha.

Kwa desturi, mistari ya mchoro kama huo ilitobolewa vitundu na kupakwa unga wa makaa, ili umbo lihamie ubaoni au ukutani. Huu hauna vitundu. Yaelekea haukuhamishwa kamwe.

Nyuso zimekamilishwa kwa vivuli laini, lakini mkono wa Anna unaoelekeza mbinguni ni mistari mitupu. Mtu aweza kudai kwamba uliachwa hivyo makusudi, uwe ishara ya mambo ya roho. Dai hilo lavutia, ila nyayo zalipinga: nazo ni mistari tu, na ishara hiyo haizifai.

Lililo salama zaidi ni kuulinganisha mchoro na ndugu zake. Katika karatasi ndogo iliyoko British Museum, Leonardo alirundika mstari juu ya mstari hata maumbo yakakaribia kupotea, kisha akakandamiza kwa ncha kali mistari aliyoichagua. Katika picha ya rangi iliyoko Louvre, Yoane hayumo, yumo mwanakondoo. Wala Anna haelekezi juu.

Basi, mkono ule ni swali ambalo msanii alikuwa angali akijiuliza. Afasiriye aanze kwa kutenganisha lililoamuliwa na lililoachwa wazi, ndipo ataje maana. Kanuni hiyo yawafaa pia wachambuao miswada ya washairi: neno lililokatwa lashuhudia njia ya mtunzi, bali si hukumu yake ya mwisho.