Fahamu: Kwa nini swichi hupanga foleni ya data

Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti kuzorota Afrika Mashariki, wengi walidai kasi zaidi. Lakini ndani ya ofisi, swali lenye uzito ni jingine: njia ikijaa, nani asubiri? Simu ya intaneti hutumia kasi ndogo, ila haivumilii kuchelewa. Shirika la viwango la ITU linapendekeza sauti ifike ndani ya milisekunde 150. Faili la nakala rudufu likichelewa dakika nzima, hakuna anayeumia. Kuvitendea sawa ni kumwonea anayezungumza.

Ndiyo maana swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, inaweza kupangwa isome alama kwenye kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data. Alama hiyo, iitwayo DSCP, inaweza kuwa na moja ya thamani 64, na namba 46 kwa kawaida hutengewa sauti, ambayo hupelekwa kwenye foleni ya mbele.

Wapo wanaosema dawa ni kununua kasi kubwa. Inasaidia, lakini kompyuta kadhaa zikituma kwa mpigo kuelekea mlango mmoja wa swichi, foleni hujaa kwa kitambo kidogo hata kama wastani wa matumizi ni mdogo. Pingamizi zito zaidi dhidi ya alama hizo ni kwamba kila programu inaweza kujipa alama ya juu. Kwa hiyo fundi wa mtandao aamini alama za vifaa anavyovisimamia tu, na aiwekee foleni ya mbele kikomo. Wakipendelewa wote, hakuna aliyependelewa.