Bunduki ya Kasiba Pacha: Maelezo ya Chombo na Msamiati Wake

Utangulizi

Neno 'bunduki' lilitufikia kutoka Kiarabu. Huko lilitaja kwanza tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu, kisha kitufe kilichorushwa kwa upinde, na hatimaye chombo chenyewe cha kurushia. 'Risasi' nalo lilikuwa, na bado ni, jina la madini mazito ya kijivu, kabla ya kuwa jina la kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Mabadiliko ya maana kama haya si mageni kwa mwanafunzi wa semantiki. Tatizo ni kwamba siku hizi neno moja, bunduki, limebebeshwa vyombo viwili vinavyotofautiana kwa umbo, kazi na athari: bunduki ya risasi moja moja na bunduki ya marisau. Makala haya yanakusudia kueleza aina moja ya hii ya pili, yaani ile yenye kasiba mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuieleza bila kubabaisha.

Tofauti ya msingi

Kasiba ni ule mwanzi wa chuma ambamo risasi hupita. Wengine huuita mtutu. Katika bunduki ya risasi moja moja, kasiba huchongwa mifereji ya kuzunguka kwa ndani ili risasi itoke ikijizungusha na kwenda mbali bila kupinda. Kasiba ya bunduki ya marisau kwa kawaida ni laini ndani. Hutoa punje nyingi ndogo, marisau, zinazosambaa kadiri zinavyokwenda. Ganda la kawaida la gramu 28, lenye punje za namba 6 kwa kipimo cha Uingereza, hubeba punje zipatazo 270. Hivyo basi chombo cha kwanza ni cha mnyama mkubwa aliyesimama mbali, na cha pili ni cha kwale au kanga anayeruka karibu, aghalabu katika umbali usiozidi mita 40.

Upana wa kasiba za marisau hupimwa kwa njia ya kale. Bunduki ya 'namba 12' ni ile ambayo tufe la risasi linaloenea ndani ya kasiba yake lina uzito wa sehemu moja ya kumi na mbili ya ratili. Kipenyo chake ni takriban milimita 18.5. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12, jambo linalowachanganya wengi.

Kutoka gobori hadi bunduki ya kukunja

Bunduki za awali za kasiba mbili zilikuwa ndugu za gobori: baruti na marisau vilitiwa kupitia mdomoni na kushindiliwa kwa mdeki. Mwindaji aliyefyatua kasiba moja, akaharakisha kushindilia upya, aliweza kusahau na kujaza mara ya pili ile ambayo bado ilikuwa na baruti. Kosa hilo liliweza kupasua chuma na kumkata mkono.

Mageuzi yalianzia Ufaransa. Katika miaka ya 1830, Casimir Lefaucheux alibuni bunduki inayokunjika kwenye bawaba ili ganda litiwe kwa nyuma. Chombo hicho kilionekana na mafundi wa Uingereza katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, nao wakauendeleza ubunifu huo. Mwaka 1875, William Anson na John Deeley, waliokuwa katika karakana ya Westley Richards mjini Birmingham, walisajili mtambo ambao nyundo zake zimefichwa ndani na hujitega zenyewe kasiba zinapoinamishwa. Hadi leo bunduki nyingi za kasiba pacha hufuata mpango huo.

Jinsi inavyofanya kazi

Kasiba mbili huunganishwa kwa utepe wa chuma juu na chini. Chini ya kila moja kuna mtambo wake. Kwa kawaida kuna vifyatulio viwili: cha mbele hufyatua kasiba ya kulia, na cha nyuma ile ya kushoto. Mpangilio huo una sababu. Mdomo wa kasiba ya kushoto hubanwa zaidi kidogo, ili marisau yasitawanyike mapema. Ndege anayeruka akikimbia hupigwa kwanza kwa kasiba iliyo wazi zaidi akiwa karibu. Akikoswa, atakuwa ameshafika mbali, hivyo hupigwa kwa ile iliyobanwa. Ndege anayekuja upande wa mwindaji huhitaji utaratibu wa kinyume, na vifyatulio viwili humwezesha mwindaji kuchagua papo hapo.

Kiwango cha kubana hupimwa kwa kuhesabu punje zinazoangukia ndani ya duara la sentimita 76 katika umbali wa takriban mita 37. Kasiba isiyobanwa huweka humo kama asilimia 40 ya punje zake. Iliyobanwa kabisa huweka kama asilimia 70.

Kitako nacho si kipande cha mti tu. Mpigaji wa ndege harushi jicho kwenye kasiba. Hutazama ndege, na bunduki huelekea palipo na jicho lake. Kwa hiyo urefu wa kitako, mwinamo wake na mpindo wake wa kwenda kulia au kushoto havina budi kulingana na mkono, bega na shavu la mwenye chombo, kama kanzu inavyoshonwa kwa kipimo cha mvaaji.

Njiwa asiye njiwa

Mchezo wa kulenga shabaha inayoruka ulianza kwa njiwa hai waliofunguliwa kutoka vizimbani. Njiwa hai walipigwa hata katika michezo ya Paris ya mwaka 1900. Vitufe vya kioo vilitumiwa pia. Mwaka 1880, George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, alibuni kisahani cha udongo kilichorushwa kwa mashine na kupaa kama ndege. Kisahani cha leo hutengenezwa kwa chokaa na lami, kina upana wa takriban milimita 110 na uzito wa gramu 105. Hata hivyo, Waingereza bado hukiita njiwa wa udongo. Si njiwa, wala si udongo. Jina limesalia baada ya vitu viwili vilivyolizaa kuondoka. Mfano bora wa sitiari iliyokufa ni nadra kupatikana.

Katika mashindano makubwa, bunduki yenye kasiba zilizopandana, moja juu ya nyingine, imeipiku ile ya kasiba pacha. Ya kupandana ni nzito zaidi, humeza mshtuko vizuri, na humpa mpigaji mstari mmoja mwembamba wa kulengea. Ya kasiba pacha, ambayo mara nyingi huwa na uzito wa kilo 3 hivi, hupendwa na mwenye kutembea nyikani kutwa nzima: ni nyepesi, na haihitaji kukunjwa sana ili kutiwa maganda.

Kumiliki ni kuwajibika

Bunduki nyingi za aina hii zinazouzwa leo ni za kale, na ukale huo una hatari zake. Nyingi zilitengenezewa maganda ya milimita 65, ilhali maganda ya kawaida ya sasa ni ya milimita 70. Hila iliyopo ni kwamba kipimo hicho ni cha ganda lililokwisha kufyatuliwa na kukunjuka. Ganda la milimita 70 huweza kuingia bila taabu katika chumba cha milimita 65, kisha likakosa nafasi ya kukunjuka na kupandisha shinikizo kupita kiasi. Mnunuzi mwenye busara husoma mihuri iliyopigwa kwenye kasiba na nyumba za majaribio za London au Birmingham, na hupeleka chombo kwa fundi kabla ya kukijaribu.

Suala jingine ni sumu ya madini ya risasi. Ndege wa majini humeza punje zilizodondoka wakidhani ni vijiwe, nao hufa. Uingereza ilipiga marufuku marisau ya madini hayo katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya uliyazuia katika maeneo yote ya ardhi oevu kuanzia Februari 2023. Punje za chuma cha pua zilizochukua nafasi yake ni ngumu, na huweza kuharibu kasiba kuukuu iliyobanwa sana.

Hapa Kenya, uwindaji wa wanyama kwa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na hakuna raia anayeruhusiwa kumiliki bunduki bila cheti chini ya Sheria ya Silaha. Kwa wengi wetu, basi, chombo hiki tutakutana nacho vitabuni na mahakamani.

Msamiati na uzito wake

Vitabuni, mfano uko karibu. Katika riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, ambayo kwa Kiswahili hujulikana kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, Quatermain anaorodhesha silaha za safari. Anatenga bunduki nzito za tembo na bunduki ya marisau yenye kasiba mbili, iliyowafaa katika kutafuta kitoweo. Mfasiri anayeziita zote bunduki bila sifa yoyote humnyima msomaji hoja ya orodha yenyewe.

Mahakamani uzito huzidi. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai inaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini. Shahidi akisema 'alipigwa risasi', mkalimani hana budi kujua iwapo ni tundu moja au majeraha mengi madogo. Kasiba yenye mifereji huacha alama juu ya risasi, na mtaalamu huweza kuilinganisha na bunduki fulani. Punje za marisau zilizotoka katika kasiba laini kwa kawaida hazibebi alama hiyo. Neno lisilo sahihi laweza kumfunga asiye na hatia au kumwachilia mkosaji.

Tunapendekeza istilahi zifuatazo, nyingi zikiwa katika kamusi zetu tayari: bunduki ya marisau kwa jumla, kasiba pacha kwa zilizolala sambamba, kasiba pandani kwa zilizopandana, mbano kwa kule kubanwa kwa mdomo, kifyatulio, kitako, mtambo na ganda kama yalivyozoeleka. Wazee waliita chombo hiki bunduki ya midomo miwili, nalo ni jina zuri, ila halielezi iwapo midomo hiyo imelala au imepandana.

Hitimisho

Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi za ufundi. Gobori, fataki, mdeki, kasiba na marisau yanashuhudia kinyume: wasemaji waliotutangulia waliutaja kila ubunifu ulipofika pwani. Kilichopungua ni matumizi yetu. Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni kuyarudisha maneno hayo katika tafsiri, katika kamusi na katika chumba cha mahakama, ambako kila moja lina mtu anayelitegemea.