Nani Msimulizi wa House of Leaves?

Riwaya ya House of Leaves (2000) ya Mmarekani Mark Z. Danielewski inahusu nyumba moja jimboni Virginia ambayo ndani ni pana kuliko nje. Tofauti huanza kwa robo inchi tu. Kisha hutokea ujia wa giza na baridi usio na kikomo. Habari hizo zimo katika mswada wa kipofu Zampanò, anaouhariri kijana Johnny Truant kwa tanbihi ndefu huku akili yake ikivurugika.

Baadhi ya wasomaji hudai kwamba msimulizi halisi ni Pelafina, mamake Johnny, aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hoja yao si ya kubahatisha. Katika barua moja anamfundisha mwanawe kusoma herufi ya kwanza ya kila neno. Kanuni hiyo ikitumiwa kwingine katika barua zake, hujitokeza jina la Zampanò, mtu ambaye mama huyo hakutarajiwa kumjua! Aidha, alama ya vema aliyomwomba Johnny aitie kwenye barua imechapwa chini ya ukurasa wa 97. Hata hivyo, Johnny anakiri kuubadilisha mswada. Huenda barua nazo amezigusa.

Vifungu kuhusu Minotaur, zimwi la mzingile wa Kiyunani (msomaji wa Mzingile ya Kezilahabi atalitambua neno), vimepigwa mstari kwa rangi nyekundu. Zampanò alitaka kuvifuta. Johnny akavirejesha pamoja na mistari yake.