Tovuti ya Muuza Kofia

Mpwa wangu anauza kofia Lamu. Si zile za mashine ziletwazo kwa marobota, bali kofia za vito, za kushonwa kwa mkono, ambazo moja yaweza kumkalisha mshonaji majuma mengi. Washonaji wake ni jamaa wanaofanya kazi hiyo majumbani mwao, nao hulipwa kofia inapouzwa. Isipouzika, kuna nyumba ambamo chungu hakiteleki.

Mwaka jana alimlipa kijana mmoja amtengezee tovuti. Ilikuwa nzuri kwa kutazama: majahazi, punda, minazi, jua likizama, na maneno yakipita mbio huku na huku. Mimi mwenyewe niliisifu. Miezi ikapita, asipate hata mtu mmoja wa kuagiza. Mwishowe tovuti ikatoweka. Kumbe anwani yake iliandikishwa kwa jina la yule kijana, ada ya mwaka haikulipwa, na mwenyewe simu hapokei tena.

"Mjomba," akaniambia alipokuja Mombasa, "nimejenga nyumba katika kiwanja cha mtu." Nasi watu wa Mombasa, tulio na nyumba tele juu ya ardhi za wenyewe, jambo hilo halitutaki tafsiri.

Basi tukaketi barazani na karatasi na penseli. Simu nilimwambia aiweke mfukoni. Nikamuuliza: mnunuzi wako ni nani? Akajibu, "Kila mtu." Nikakataa. Tulipohesabu wanunuzi wa kweli tukawapata watatu: bwana harusi wa hapa pwani, jamaa walioko Muscat na Ughaibuni wanaotaka kofia ya Idi, na mwenye duka Nairobi anayenunua kwa dazeni. Mtalii apitaye hununua palepale dukani, hana haja ya tovuti. Hao watatu hawakuja kutazama jua likizama. Wanataka kujua kofia gani ipo, ya kipimo gani, kwa bei gani, itafika lini, na fedha wazipitishe wapi.

Hapo nikamkumbusha bai ya salam tuliyosomeshwa chuoni, yeye kwa mwalimu wake nami kwa wangu. Mtu alipapo leo kwa kitu atakachopewa kesho, sharia inataka sifa za kitu hicho zijulikane, kipimo kijulikane na muda ujulikane, watu wasije wakagombana. Kofia ya kuagizwa ina shabaha hiyo hiyo. Tovuti yake ya kwanza haikutaja hata moja katika hayo! Ama kuhusu kuchukua nusu ya fedha kwanza na nusu baadaye, nilimwambia akawaulize masheikh. Mimi ni mwandishi wa gazeti.

Tukaandika. Kila kofia na picha yake mbili, moja ya mbele na moja ya karibu ionyeshe mshono, zipigwe kwa mwanga wa mchana bila ya kurembwa, kwani rangi ikibadilika njiani kofia itarudi. Kipimo cha kichwa, na maelezo ya namna ya kujipima kwa utepe juu ya masikio. Siku za kushona zitajwe kwa hesabu ya mshonaji aliye mzito, si aliye mwepesi. Picha zipunguzwe uzito, maana wengi hufungua kwa simu, na bando ni fedha. Nambari ya simu iwe juu kabisa. Wa hapa atalipa kwa M-Pesa, lakini aliye Muscat aambiwe njia yake, asiachwe akibahatisha. Na kwa kuwa atakusanya majina na nambari za watu, ajue kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Daftari la wateja si la kuazimana.

Kisha likaja suala la kiwanja. Anwani zinazoishia na .ke husimamiwa na KENIC, na huandikishwa kupitia kwa mawakala wake. Nikamsihi aiandikishe kwa jina lake, kwa barua-pepe yake, neno la siri aliweke yeye, na siku ya kulipa ada aiandike ukutani dukani. Fundi alipwe ufundi wake, na ufunguo asiuchukue.

Tulibishana kwenye bei. Hakutaka kuiandika, akihofia jirani ataiona aishushe yake. Nikamwambia jirani anaijua tangu zamani. Asiyeijua ni yule wa Muscat, naye hana wakati wa kubembeleza muuzaji asiyemuona. Alikubali kwa shingo upande. Lakini lile jua linalozama alikataa katakata kuliondoa.